Baiskeli ya Umeme na Safari ya Mfanyakazi Kwenda Kazini

Kwa mtu wa zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi huanza saa kumi alfajiri. Lazima aamke, aoge, aamshe wa kumsaidia na watoto, kisha ateremke gizani kwenda kusubiri basi. Jioni hurudia shughuli hiyo hiyo kinyumenyume. Saa zile hazimo katika mkataba, wala hakuna anayezilipa, lakini nguvu zinazopotea humo ni nguvu zetu sisi.

Hapa Kigali jambo hili tumeliona vizuri tangu viwanda vya Gikondo vilipoanza kuhamishwa. Sababu ya kuhamisha ilikuwa njema: viwanda vilikuwa vimekaa katika bonde la majimaji, na bonde lile lilihitaji kurudishiwa hali yake. Vingi vilihamia Masoro, katika eneo maalumu la kiuchumi. Mitambo ilipakiwa kwenye malori ikaenda. Wafanyakazi hawakupakiwa. Walibaki wanakaa kule kule walikokuwa wakikaa, na mwendo ukawa mrefu. Machi 2024 ruzuku ya serikali kwa mabasi iliondolewa na nauli zikapanda. Ndipo katika mikutano ya tawi letu likaanza kusikika swali moja: je, hizi baiskeli za umeme zinazosemwa, zinamfaa mtu kama sisi?

Sisi watatu wa kamati ya tawi tulipewa kazi ya kuchunguza. Kati yetu mmoja anayo baiskeli ya namna hiyo kwa mwaka wa tatu sasa, mwingine alinunua ya mtumba na kuijutia, na wa tatu hakuwa na imani nayo kabisa. Haya ndiyo tuliyoyaona. Tunaamini yatawafaa pia ndugu zetu wa Bujumbura, Bukavu na Kampala, kwa kuwa vilima ni vile vile.

NI KITU GANI HASA?

Baiskeli ya umeme ni baiskeli ya kawaida iliyoongezewa vitu vitatu: mota, betri, na kisanduku cha kuongozea umeme kati ya hivyo viwili. Unapokanyaga pedeli, kitambuzi kidogo huhisi na kuiambia mota isaidie. Si jambo jipya sana. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilianza kuuza baiskeli ya kusaidiwa na mota mwaka 1993. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, baiskeli ikiwa na mota isiyozidi wati 250, na msaada wake ukikoma kwenye mwendo wa kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baiskeli tu, si pikipiki.

Watu husikia wati 250 wakacheka, wakisema hiyo ni nguvu ya nini. Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 22 na mzigo wa kilo 8 ni jumla ya kilo 100. Katika mlima unaopanda mita 7 kwa kila mita 100, mtu anayekanyaga kwa nguvu ya wati 80, ambayo mtu mzima anaweza kuidumisha bila kuhema, atapanda kwa kilomita 4 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa mtembea kwa miguu, na ndiyo maana tunawaona wenye baiskeli wakishuka na kuzisukuma. Ongeza wati 170 za mota, mtu yule yule atapanda kwa kilomita 12 kwa saa, na atafika juu akiwa na pumzi ya kusalimia watu.

KUJUA BETRI KABLA YA KUTOA FEDHA

Mwenzetu aliyejuta alijuta kwa sababu ya betri. Aliangalia rangi, akaangalia matairi, akaijaribu mbele ya duka mahali pa tambarare, akalipa. Siku ya tatu ilimzimikia katikati ya mlima, na baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni mzigo mzito kuliko baiskeli yoyote.

Kila betri imeandikwa volti na ampea-saa. Zidisha moja kwa nyingine upate wati-saa, yaani akiba iliyomo. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ya volti 48 na ampea-saa 13 ina 624. Kwenye tambarare, mtu anayekanyaga kweli hutumia wati-saa 7 hadi 10 kwa kilomita. Kwenye vilima vyetu tuhesabu 12 hadi 15.

Chukua mfano wa kupanda kutoka Nyabugogo hadi mjini juu, tofauti ya mita 200 kasoro kidogo. Kuinua kilo 100 mita 200 kunahitaji wati-saa 55 hivi, na kwa kuwa mota hupoteza sehemu kwa joto, ungeiachia mota kazi yote betri ingetoa kama 75. Mwenye betri ya 360 anaweza kulipa gharama hiyo mara nne, akabakiwa na akiba kidogo. Lakini akumbuke kwamba betri huzeeka. Baada ya mizunguko 500 hadi 1,000 ya kuijaza, nyingi hushuka kiasi cha kuonekana wazi. Kwa hiyo anayenunua ya mtumba aipande mlima kwanza, ikiwa imejaa, akiwa na mzigo wake wa kawaida, na aangalie mwisho wake imebaki kiasi gani. Muuzaji akikataa majaribio hayo, jibu umelipata.

Neno moja zaidi. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazoandikishwa Kigali zinatakiwa kuwa za umeme, na vituo vya kubadilishia betri vimeenea. Wengine wamedhani watabadilishia huko na za baiskeli. Haiwezekani: volti, umbo na viunganishi ni vingine. Faida tuliyoipata ni ya namna nyingine, kwamba mafundi wenye kuelewa mambo ya mota na betri wameongezeka.

KUIREKEBISHA IKUFAE

Baiskeli ikitoka dukani haijawa yako mpaka uirekebishe kwa mwili wako. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na vifaa ni spana, bisibisi na pampu.

Anza na kiti. Kaa juu yake, egemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunja kidogo, na huo ndio urefu unaofaa. Wengi wetu huketi chini mno kwa kupenda miguu yote miwili iguse ardhi. Matokeo yake magoti huuma baada ya wiki mbili, na lawama huenda kwa baiskeli. Dada mmoja wa idara ya upakiaji alikuwa karibu kuiuza yake kwa ajili ya maumivu hayo. Tulimpandishia kiti upana wa vidole vitatu, na hakulalamika tena.

Kisha matairi. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi lenye upepo mdogo hula betri, hupasuka kwenye mashimo, na huharibu rimu. Bonyeza kila Jumatatu kabla ya kutoka.

Breki ndizo za kuangaliwa zaidi ya yote, kwa kuwa chombo hiki ni kizito na kina mwendo. Ukivuta mkono wa breki usiguse usukani. Ukigusa, kaza waya. Angalia unene wa vibao vya breki kila mwezi, na msimu wa mvua kila wiki mbili, kwa sababu mchanga wa barabarani huvila kama msasa. Unaposhuka mlima mrefu usishike breki muda wote. Finya, achia, finya, achia, ili zipate kupoa. Baiskeli nyingi zina swichi ndani ya mkono wa breki inayokata umeme wa mota mara unapofinya. Jaribu swichi hiyo ukiwa umesimama, gurudumu likiwa juu. Kama mota inaendelea kuzunguka hali umeshika breki, usiipande mpaka fundi aitengeneze.

Sasa gurudumu lenye mota. Mota ikiwa ndani ya gurudumu la nyuma, spoki zake hubeba kazi kubwa kuliko za baiskeli ya kawaida. Baada ya kilomita 200 za mwanzo mpelekee fundi azikaze zote kwa usawa. Zipige kwa kidole moja moja: ile inayotoa sauti ya kulegea ndiyo itakayokatika, na zikikatika mbili nyingine hufuata. Nati za ekseli nazo zikazwe, na kile kipande cha chuma kinachoizuia ekseli isizunguke kiwepo mahali pake. Mota ikizungusha ekseli ndani ya uma, hukata waya na kulitoa gurudumu, na mtu huanguka.

Mwisho ni msaada wa mota. Kuna ngazi, mara nyingi tatu au tano. Wanaoanza huweka ya juu kabisa, wakaacha kukanyaga, wakadhani ndiyo starehe. Anayepanda mlima na mota ya gurudumu aweke gia nyepesi, akanyage haraka haraka, wala asiiache mota ipungue mwendo mpaka kunguruma. Mota ikilazimishwa kuvuta polepole hugeuza umeme kuwa joto, na joto ndilo linaloiua. Wenye mota ya katikati, penye pedeli, wao wasaidiwe na gia, lakini mnyororo wao huisha upesi zaidi. Waupanguse na kuupaka mafuta kila wiki.

Kuna pia tabia ya kufungua kisanduku ili msaada usikome kwenye kilomita 25, mtu apate kwenda 40. Vijana wetu wanaisifu. Tuwaambie hesabu yake. Kwenye mwendo wa 25, tangu uone hatari hadi usimame kwa breki nzuri ni mita 13 hivi. Kwenye 40 ni zaidi ya 26, yaani maradufu. Na breki zile, fremu ile na uma ule vilitengenezwa kwa mwendo wa kwanza.

MVUA NA MAJI

Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Desemba, tunanyeshewa. Mvua ya kawaida haiui baiskeli nzuri. Kinachoiua ni maji ya pampu ya kuoshea magari, ambayo hupenya kwenye viunganishi na kwenye mota. Osha kwa ndoo na kitambaa. Hakikisha nyaya zimepinda kuelekea chini kabla ya kuingia kwenye kisanduku, ili matone yadondoke yasitiririkie ndani. Usivuke barabara iliyofurika maji yakafika kwenye ekseli. Shuka, subiri, kuchelewa robo saa si sawa na kununua mota.

MOTO NDANI YA NYUMBA

Hapa tunaomba msomaji atusikilize kwa makini. Mwenzetu mmoja anaishi katika chumba kimoja na mkewe na watoto wawili. Betri yake iliwahi kuanguka sakafuni, ganda likapasuka kidogo, akalifunga kwa gundi ya karatasi. Chaja yake ilipokufa, alinunua nyingine ya bei ndogo iliyoingia kwenye tundu lile lile. Usiku mmoja mkewe aliamshwa na harufu kali, tamu, isiyo ya kawaida. Betri ilikuwa imevimba na kuwa ya moto. Aliichomoa, akaitupa uani kwa kuifunga katika blanketi. Haikupita dakika nyingi ikalipuka moto. Blanketi liliungua, mikono yake ikababuka, na wote wako hai. Betri ile ilikuwa ikichajiwa penye mlango, na mlango ulikuwa mmoja tu.

Haya si ya kwetu peke yetu. Katika jiji la New York, ambako maelfu ya wafanyakazi hupeleka chakula majumbani kwa baiskeli hizi, idara ya zimamoto ilihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu mwaka 2023, na watu 18 walikufa. Jiji lile lilikuwa limekwisha pitisha sheria kwamba kuanzia Septemba 2023 zisiuzwe baiskeli wala betri zisizothibitishwa kwa vipimo vya usalama. Hata hivyo wapelekaji wale, ambao walianza kujikusanya mwaka 2020 kudai haki zao, wamesema jambo la kweli: mtu hanunui betri mbovu kwa kupenda, hununua kwa sababu ujira wake haumruhusu nyingine.

Basi tufuate haya. Tumia chaja iliyokuja na betri, au ya volti na aina ile ile kutoka kwa muuzaji anayeaminika. Usichaji umelala. Usichaji penye mlango, wala karibu na godoro au mapazia. Betri iliyotoka juani au kwenye mlima iache ipoe kwanza. Isiachwe ikaisha kabisa kwa siku nyingi. Kama huitumii kwa muda, iache na nusu. Ikianguka vibaya, ikivimba, ikinuka au ikipata moto wenyewe bila kazi, itoe nje mbali na nyumba kama bado unaweza kuigusa. Kama imekwisha toa moshi, toeni watu kwanza, kisha iteni zimamoto. Usimruhusu fundi yeyote asiye na ujuzi kuifungua na kuunganisha seli zake.

HAKI YA KUCHAJI KAZINI

Msomaji atauliza: mtu wa chumba kimoja atachaji wapi, na lini, ikiwa si usiku wala penye mlango? Jibu letu ni kwamba mahali panapofaa ni kazini, mchana, chini ya banda la wazi, watu wakiwa macho. Na hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mtu mmoja likawa la chama.

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, wafanyakazi saba walianza kuchaji kwenye soketi za stoo. Msimamizi aliwakuta, akasema ni wizi wa umeme, akawaandikia barua za onyo wote saba. Barua hizo zilipofika kwetu tuliketi tukafanya hesabu kabla ya kwenda kwa uongozi. Betri ya wastani hujazwa kwa nusu uniti ya umeme na kidogo. Baiskeli saba hazifiki uniti nne kwa siku. Birika la chai la ofisini lenye wati 2,000 likichemka robo saa hula nusu uniti, sawa na baiskeli moja. Tulipowawekea hesabu hiyo mezani, mhasibu wao mwenyewe ndiye aliyetikisa kichwa kukubali.

Hatukupewa yote. Barua za onyo zimeondolewa kwenye majalada. Banda limejengwa nyuma ya lango, lina mita yake, na wafanyakazi hulipa uniti wanazotumia. Umeme wa bure umekataliwa, na malipo ya usafiri kwa wanaokuja kwa baiskeli yamewekwa kiporo hadi mazungumzo yajayo. Sisi kwa upande wetu tulikubali masharti mawili ya haki: betri yoyote iliyopasuka hairuhusiwi bandani, na mtu mmoja wa kila zamu awe mwangalizi, na ndoo za mchanga ziwepo.

Kuhusu malipo ya usafiri, hatuombi jambo la ajabu. Nchini Ubelgiji, vyama vya wafanyakazi na waajiri walitia sahihi mkataba wa taifa, ulioanza Mei 2023, kwamba mfanyakazi wa sekta binafsi ambaye hakuwa na mpango mwingine wa namna hiyo alipwe senti 27 za yuro kwa kila kilomita anayokwenda kazini kwa baiskeli, mwisho kilomita 20 kwa mwelekeo mmoja. Ya kukanyaga tu na ya umeme zote zimo. Hatusemi kiwango chao kiwe chetu. Tunasema kwamba kanuni hiyo ipo: anayejileta kazini kwa chombo chake anamsaidia mwajiri, na msaada huo una bei.

JE, INUNULIWE?

Mwenzetu asiyekuwa na imani ametuomba tuandike kwamba hata sasa yeye hajanunua, kwa sababu anakaa dakika ishirini kwa miguu. Ana haki. Wa karibu hana haja nayo. Wa mbali sana, mwenye safari ya kilomita 40 kwenda na kurudi katika vilima, afikirie betri kubwa au abaki na basi. Wa katikati, wa kilomita 6 hadi 12 kila upande, huyo inamfaa, ikiwa ataweza kuilipia bila kuingia katika mikopo ya kuumiza.

Apige hesabu hivi: nauli ya siku 26 za kazi, toa uniti 14 hivi za umeme kwa bei iliyo kwenye risiti yake, toa na akiba ya vibao vya breki, mnyororo, matairi, na betri mpya baada ya miaka kadhaa. Kinachobaki agawe katika bei ya baiskeli aone itamchukua miezi mingapi. Katika tawi letu wanne wameamua kununua kwa njia ya kibati, kila mwezi anapewa mmoja, na wote wamekubali kununua aina moja ili spea na chaja ziingiliane. Tumeupenda mpango huo, nasi tunaupendekeza.

Yule dada wa upakiaji sasa huamka saa kumi na moja badala ya saa kumi. Tulipomuuliza saa hiyo moja anaifanyia nini, alitujibu kwamba analala.

Matawi yenye uzoefu wa mabanda ya kuchajia, au yaliyokutana na barua za onyo kama zile, yatuletee taarifa kabla ya mazungumzo yajayo. Tutazitumia mezani.